Bushi Kwenye Msumari

Marehemu alikutwa amepiga magoti. Alikuwa kando ya trekta, ndani ya banda la karakana, ameinama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni, na ukingo wa mashine ya kufyekea majani ulikuwa umemlalia mgongoni.

Koplo alifika wa kwanza. Kabla hajavua kofia alikuwa ameshaamua.

"Ajali, Afande," alimwambia Inspekta. "Amesahau bushi."

Inspekta aliizunguka mashine kwanza. Alikuwa mama wa makamo, mnene, asiyependa kukimbizwa na mtu yeyote, wakubwa wake wakiwemo. Kila kituo alichohamishiwa, kauli yake moja ilitangulia kufika kabla ya mizigo: nionyeshe, usinisimulie. Aliamini kwamba mdomo umezoea uongo tangu utotoni, ila mikono haijui hata pa kuanzia.

"Nionyeshe hizo bushi zilizosahauliwa," alisema.

Koplo alionyesha, na kwa kuwa alikuwa amejifunza mambo hayo asubuhi ileile kwa mafundi, alionyesha kwa majivuno. Nyuma ya trekta ilifungwa fremu ya chuma yenye ndoano tatu, moja juu na mbili chini. Mafundi waliiita kiungo cha haraka. Dereva hurudi kinyumenyume, akaingiza ndoano chini ya pini za plau au haro ya kuvunjia madongo au mashine yoyote, akainua, na kazi imekwisha bila kutoka jasho. Taabu yake ni kwamba midomo ya ndoano ni mipana, na pini za mashine za zamani ni nyembamba. Hapo ndipo bushi inapohitajika. Ni kipande kifupi cha bomba la chuma, kinavishwa kwenye pini ili inenepe na kuijaza ndoano, kisha kinazuiwa na klipu kisichomoke. Bila bushi, pini hucheza ndani ya ndoano kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba yake, na kikufuli cha ndoano hakiishiki.

Pini za mashine hii zilikuwa tupu. Ya kushoto ilikuwa imechomoka kwenye ndoano yake, mashine ikajipinda na kumwangukia mtu aliyekuwa ubavuni mwake.

"Na bushi zenyewe?"

"Zile pale ukutani, Afande. Hakuzichukua kabisa."

Ukutani kulikuwa na ubao mpana uliopigwa rangi ya kijani. Kila spana, kila nyundo na kila kikorokoro kilikuwa na msumari wake, na nyuma yake umbo lake lilichorwa kwa rangi nyeupe, ili kikikosekana kijulikane. Bushi mbili zilining'inia mahali pake, zimetulia.

Daktari wa polisi alikuwa amemaliza kazi yake. Kifua kilipondeka, alisema, na kifo kilikuja upesi. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa na grisi mbichi, ileile iliyokuwa kwenye pini. Kisha akampa Inspekta kimfuko cha ushahidi. Ndani yake mlikuwa na ufunguo wa trekta.

"Ulikuwa wapi?"

"Mfukoni mwa shati. Na kifungo cha mfuko kilikuwa kimefungwa."

Inspekta aliutazama ufunguo ule kwa muda. Mtu yule alikuwa ameinua mashine, akazima injini, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni na kufunga kifungo. Ndipo akapiga magoti.

"Koplo, mtu anayefunga kifungo cha mfuko kabla ya kuinama anaweza kusahau bushi mbili kwa mpigo?"

"Kusahau ni ubinadamu, Afande."

"Kweli. Na kuua pia ni ubinadamu, kwa bahati mbaya."

Uani watu walikuwa wameshajaa, na maneno yalikuwa mengi kuliko machozi. Marehemu aliitwa Taratibu. Jina hilo alipewa na mkwewe, mzee mwenye karakana, kwa sababu hakuwahi kuonekana akikimbia, hata mvua iliponyesha. Aliikagua trekta kila asubuhi kana kwamba ameazimwa. Sasa watu walitikisa vichwa wakinong'onezana kwamba Taratibu wa watu, kumbe naye husahau. Wengine walisema hivyo kwa huruma, wengine kwa utamu fulani, maana binadamu hufurahi akiona aliyesifiwa sana ameteleza.

Mkewe, binti wa yule mzee, alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu karibu na mlango. Hakuwa akilia. Inspekta alipomkaribia alijikaza kisabuni na kusimama.

"Afande, sikuombi unifungie mtu," alisema. "Nijibie jambo moja tu. Mume wangu alisahau?"

"Watu wote wanasema alisahau."

"Nasikia. Na wanangu watakua wakisikia hivyohivyo, kwamba baba yao alijiua kwa uzembe. Uhai wake umeshakwenda, sina la kufanya. Lakini jina lake, Afande, jina lake bado liko hapa uani na linakanyagwa."

Inspekta alimpa pole na kumwambia atamjibu kabla jua halijatua. Koplo alikohoa kidogo, akaona ahadi hiyo ni kubwa mno. Inspekta hakuona hivyo. Kiburi alikuwa nacho, lakini kilikuwa cha mtu anayelipa anachoahidi.

Alianza na mzee. Alimkuta ndani ya banda, kwenye kiti cha mbao, fimbo katikati ya magoti yake mabovu ambayo kwa miaka mingi hayakumruhusu kupanda trekta. Aliketi akiupa mgongo ule ubao wa kijani, kazi ya mikono yake mwenyewe.

"Mzee, mkweo alikuwa mtu wa namna gani kazini?"

"Mwangalifu. Hakuna mfano wake."

"Basi ilikuwaje?"

"Alisahau."

"Aliwahi kusahau kabla?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Siku moja ni siku moja, mama. Alisahau." Alisema hivyo akitazama ncha ya fimbo yake. "Andika hivyo, mtupe mwili tukazike."

Inspekta aliona ajabu. Mjane anakataa kwamba mumewe alisahau, na mtu aliyempa mume huyo jina la Taratibu ndiye anayekazana kwamba alisahau. Mzee hakuwa na sura ya mtu mwenye hasira na mkwewe. Alikuwa na sura ya mtu aliyemeza mfupa na anajaribu kuongea bila kukohoa.

Inspekta aliaga, akatoka nje kwa mwendo wake wa pole na kuzunguka nyuma ya banda, mahali zilipolazwa mashine nyingine. Kulikuwa na plau, haro na mashine ya kupandia. Aliinama kwenye plau, akaguna. Akaenda kwenye haro, akaguna tena. Koplo alimfuata nyuma akidhani mkubwa wake anaumwa mgongo.

"Unaona nini, Koplo?"

"Haro, Afande."

"Asante kwa msaada wako. Kwenye pini je?"

Kwenye pini za haro bushi zilikuwepo. Kwenye plau pia, na kwenye mashine ya kupandia vilevile. Kila bushi ilizuiwa na klipu, na kila klipu ilizungushiwa kipande cheusi cha mpira wa baiskeli, kikafungwa fundo dogo nadhifu, ili majani na visiki visije vikaifungua shambani.

Inspekta alirudi ndani kwenye ubao. Palikuwa na misumari mingine ya bushi, jozi kwa jozi, na michoro yake myeupe. Yote ilikuwa mitupu. Buibui walikuwa wameshajenga humo, na vumbi limelala juu ya nyuzi zao bila kuguswa. Ni msumari mmoja tu usiokuwa na utando, ule wenye bushi za mashine ya kufyekea. Na kwenye grisi ya bushi zile kulikuwa na vipande vya majani mabichi, bado vya kijani. Mtaalamu wa alama za vidole alizitia kila moja kwenye mfuko wake.

Inspekta alimwita mjane kando.

"Mipira ile ya baiskeli, nani aliifunga?"

"Yeye. Alisema bushi na pini yake huzoeana kama mtu na mkewe, ukizitenganisha kila siku zinaanza kulana. Akamwomba baba ziachwe kwenye mashine zake moja kwa moja. Baba alinuna, mwisho akakubali. Tangu hapo bushi hazirudi ubaoni."

"Na zamani?"

"Zamani ilikuwa sheria ya baba, kila kitu kwenye alama yake. Sisi tumekua nayo, mimi na kaka yangu. Ukiacha spana nje ya alama, chakula cha jioni unakiona kwa macho tu." Karibu atabasamu, kisha akakumbuka alipo.

"Na jana mashine ile ilifanya kazi?"

"Alifyeka uwanja wa mpira mpaka jioni. Akairudisha, akailaza hapa ikiwa imefungwa vilevile kwenye trekta, kwa sababu leo alikuwa aende kufyeka kando ya barabara ya sokoni."

Basi Inspekta alikuwa na picha karibu nzima. Bushi zilikuwa kwenye pini mpaka jana jioni. Mtu alizitoa, akairudisha mashine kwenye ndoano ikiwa na pini tupu, na alipomaliza akazitundika mahali ambapo Taratibu hakuwa akizitundika tena. Kilichobaki kilikuwa jina, na jina hilo alikuwa nalo mdomoni. Lakini hakulitema. Mkono ulikuwa haujaonyesha.

Kaka wa mjane aliitwa Chapuchapu. Alikuwa kijana mrefu mwenye ovaroli safi, mikono haitulii, na alijibu maswali kabla hayajafika mwisho.

"Jana mashine hii aliiendesha nani?"

"Shemeji."

"Ilirudi salama?"

"Salama kabisa."

"Wewe uliigusa?"

"Mimi kazi yangu injini, Afande. Hiyo sijaigusa muda mrefu."

"Na bushi zake?"

"Nizifanyie nini?"

"Leo asubuhi nani aliingia bandani wa kwanza?"

"Shemeji, kama kawaida."

"Sikuuliza kawaida. Nimeuliza leo."

Chapuchapu alijipangusa viganja kwenye ovaroli. "Nilipita kidogo kuchukua jeki. Nikaondoka."

"Kabla yake?"

"Kabla yake kidogo."

"Unadhani bushi zilifikaje ukutani?"

"Atakuwa alizitundika mwenyewe jana, akasahau kuzirudisha leo. Mambo ya kawaida tu."

Inspekta alimshukuru kwa adabu, hata Koplo akashangaa. Kisha akamnong'oneza Koplo azitoe bushi za haro, zilizokuwa na ukubwa uleule, azivishe kwenye mashine ya kufyekea. Picha zilikuwa zimeshapigwa na vipimo vimeshachukuliwa, na mwili ulikuwa umeshapelekwa hospitali. Koplo alifungua mipira ya baiskeli, akaiweka juu ya bawa la trekta linalofunika gurudumu, akafanya kazi hiyo akihema. Mashine ikafungwa kwenye ndoano jinsi ilivyotakiwa, nayo ikakaa kimya bila kucheza hata kidogo.

Inspekta aliwaita mzee na mjane bandani. Akamgeukia Chapuchapu.

"Kijana, mimi na matrekta hatujuani. Ifungue mashine hii kwenye trekta, utoe bushi, uweke kila kitu sawa, nione inavyofanyika. Usinisimulie. Na ufanye upesi, nina safari."

Neno upesi lilikuwa neno lake. Chapuchapu alichukua ufunguo wa akiba ubaoni, akaruka juu ya trekta, akawasha, akaishusha mashine sakafuni, akavuta vishikio vya ndoano na kusogeza trekta mbele, na fremu ikaachana na pini. Akaruka chini. Akachomoa klipu ya kushoto, akatoa bushi, akairudisha klipu kwenye tundu lake. Akafanya hivyohivyo kulia. Akazifuta bushi kwa kitambaa, na huku akiulizia safari ya Inspekta ni ya wapi, akavuka banda, akainua mkono na kuzitundika kwenye msumari, ndani ya mchoro mweupe. Hakutazama. Mkono ulijiendea wenyewe, kama mtu anavyopapasa swichi ya taa katika nyumba aliyozaliwa.

Kisha mkono ukabaki juu.

Nje mtu alicheka jambo lisilohusika, kicheko kikaingia bandani na kufia humo.

"Shemeji yako alikuwa akizitundika hapo?" Inspekta aliuliza.

Chapuchapu alizitazama bushi, akautazama utando wa buibui kwenye misumari ya jirani. Alionekana kana kwamba anauona kwa mara ya kwanza.

Aliyejibu alikuwa mzee. "Samaki mkunje angali mbichi," alisema kwa sauti ya chini. "Nami nilimkunja. Asubuhi nilipouona ubao ule nilijua. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeua mtu halafu akarudisha chombo kwenye alama yake."

"Sikutaka afe, baba."

Inspekta alimwonya kwamba ana haki ya kunyamaza na kwamba atakalosema litaandikwa. Koplo alikuwa ameshasimama mlangoni. Alimpekua, na katika mfuko wa ovaroli akakuta vipande viwili vya mpira wa baiskeli, vimekunjwa vizuri. Hata vipande hivyo Chapuchapu alishindwa kuvitupa.

Chapuchapu hakutaka kunyamaza. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kumwaga yote. Alisema aliingia bandani kabla ya shemeji yake, akazitoa bushi, akainasa tena mashine kwenye ndoano. Ilimchukua muda mfupi, kwa sababu alikuwa stadi wa kazi hiyo kuliko wote, ingawa hakuna aliyewahi kumwambia.

"Kwa nini?" Inspekta aliuliza.

"Baba alitangaza mbele ya mafundi wote kwamba yeye akipumzika, karakana itasimamiwa na mkwe. Mkwe. Mimi nimesimama palepale, nimeshika tochi, nawamulikia. Wakacheka. Tangu utotoni naambiwa Chapuchapu utaharibu, Chapuchapu utavunja. Akaja mtu kutoka huko alikotoka, akaitwa Taratibu, na kila akisifiwa yeye, mimi ndiye ninayetukanwa."

"Ukataka aondoke."

"Nilitaka aaibike. Basi. Nilitaka jina lake, sikutaka roho yake. Alikuwa apite barabara ya sokoni. Kwenye matuta yale mashine ingeruka na pini ingechomoka. Ingeanguka kwenye lami mbele ya watu wote, wangesema Taratibu amesahau bushi. Baba angesikia."

"Pini ikiwa tupu, mashine ikiinuliwa inalia?"

"Inagongagonga. Kidogo tu."

"Dereva akisikia mgongano huo anafanya nini?"

"Anaendelea. Mlio mdogo vile, nani ashuke?"

"Wewe ungeendelea?"

"Ningeendelea," alisema Chapuchapu. Kisha akainuka nusu kwenye ndoo, kwa sababu alikuwa ameshaona linakokwenda swali lile.

"Yeye hakuendelea," alisema Inspekta. "Aliinua mashine, akasikia. Akazima injini, ufunguo mfukoni, kifungo. Akapiga magoti kando, akapitisha vidole kwenye pini kutafuta bushi zake. Wakati huo ndipo ilipochomoka. Ulimtegea mtu kama wewe, kijana. Akaingia mtu mwingine."

Chapuchapu aliufunika uso kwa viganja vyake, na kwa mara ya kwanza siku ile mikono yake ikatulia. Koplo alimtia pingu bila papara.

Mjane alikuwa amesimama palepale muda wote. Inspekta alimwendea.

"Hakusahau, dada yangu," alisema. "Aliisikia mashine kabla hajatoka hata mlangoni mwa banda."

"Waambie na wao."

Inspekta alitoka uani, akasimama mbele ya umati na kusema kwa sauti ya gwaride kwamba marehemu hakusahau kitu, kwamba bushi zilitolewa na mkono wa mtu, na kwamba uangalifu wake ndio uliomfikisha pale alipokutwa. Walionong'ona asubuhi walitazama viatu vyao.

Aliporudi ndani, binti alikuwa amesimama mbele ya baba yake.

"Baba, mimi sikukuuliza ni nani," alisema. "Niliuliza tu kama alisahau. Ukaniambia alisahau."

"Nilikuwa na watoto wawili, mwanangu."

"Na mimi ni wa ngapi?"

Fimbo ilimponyoka mzee, ikaanguka sakafuni, na hakuna aliyeiokota.

Binti aliusogelea ubao. Alizitungua bushi za haro kutoka kwenye msumari, akachukua mipira ya baiskeli juu ya bawa la trekta, akatoka navyo nyuma ya banda. Koplo alisema gari linasubiri na mtuhumiwa ameshapakiwa.

"Mwache amalize," Inspekta alisema.

Wakamwona kupitia mlangoni. Alipiga magoti kando ya haro, akavisha bushi ya kwanza, akapitisha klipu, akazungusha mpira na kufunga fundo dogo, lilelile la mumewe. Akalivuta kuona kama limekaza. Kisha akahamia upande wa pili.